Saka Manuali Kabla ya Kusaka Fundi

Mdau, kabla tuende mbali jibu hii: siku ulitoa nduthi kwa shop, walikupea kitabu yake? Simaanishi logbook, wala zile karatasi za loan. Namaanisha kitabu ya nduthi yenyewe, ile inakushow oili gani inaingia, cheni inafaa kulegea kiasi gani, plagi inabadilishwa ikifika kilomita ngapi. Hii swali ukiirusha kwa base utaona wasee wakiangaliana. Mmoja atakumbuka kulikuwa na kitu kwa nailoni chini ya kiti, pamoja na zile spana ndogo za kampuni. Mwingine alinunua nduthi mkono ya tatu, na kitabu ilipotelea kwa owner wa kwanza.

Hio ndio maneno nataka tubonge leo. Nduthi ndio inalipa keja, inalipa fees ya mtoi, inatuma ganji ocha kila mwezi. Lakini ujuzi wa kuitunza umeachiwa mtu mwingine. Fundi akisema ring zimeisha, unalipa ring. Akisema kabureta imekufa, unalipa kabureta. Ukiuliza kwa nini, huna pa kusimamia, ju hujui hata hizo ring zinafaa kuwa size gani.

Na usidhani nakam kuchafulia mafundi wa mtaa jina. Hao ndio wamebeba hii biz tangu 2008, ule mwaka serikali ilitoa VAT kwa nduthi za chini ya 250cc na barabara zikajaa boda. Wengi walijifunza kwa kushika spana tangu wakiwa maboy, na wao pia hakuna mtu aliwapea kitabu. Mikono yao iko juu sana. Kitu inakosanga ni namba, na namba ziko kwa manuali. Poa ni kwamba siku hizi manuali unaisaka na simu ukiwa umekaa base ukingoja customer, bora ujue venye inasakwa.

Kitabu ziko aina tatu

Hapa ndio wasee huchanganyikiwa, so tuanze na hii.

Ya kwanza ni manuali ya owner. Ni ndogo, inaongea na wewe mwenye unapanda. Inakuonyesha swichi, presha ya tairi, oili, cheni, na ratiba ya service kwa kilomita. Hii makampuni mengi huwa zinaipeana bure, hata kwa mtandao.

Ya pili ni manuali ya workshop. Hii ndio ya fundi. Inapangua injini mpaka ndani kabisa na kuirudisha. Iko na namba ya kukaza kila bolti, mchoro wa waya na rangi zake zote, na kitu moja muhimu sana: limit ya kuisha. Yaani inakwambia pistoni ama breki shuu ikifika size gani, hio ni ya kutupa. Ikiwa bado haijafika hapo, hakuna sababu ya kuibadilisha.

Ya tatu ni katalogi ya spea. Hii haikufunzi kurepair, lakini imechora kila part ikiwa imepanguliwa, na kila part iko na namba yake. Wasee huidharau, na ndio inaokoanga doh mob. Ukishuka Kirinyaga Road na namba ya part kwa simu, ile stori ya "hii pia itaingia tu" inaisha hapo hapo. Unasoma namba, muuzaji anaangalia boksi, mnamaliza.

So kabla usake, jiulize unataka nini. Kama ni kubadilisha oili na kukaza cheni, manuali ya owner imetosha. Kama waya imeungua na taa hazishiki, unataka mchoro wa waya, na huo uko kwa manuali ya workshop. Kama ni kununua spea, saka katalogi. Watu hushusha PDF ya page mia tatu na kitu walikuwa wanataka iko kwa page mbili.

Soma namba kwa injini

Ukiandika "motorbike manual" kwa Google utapata takataka. Lazima ujue nduthi yako inaitwa nani, na jina ya ukweli haiko kwa stika ya tanki.

Anza na shingo ya fremu, pale hando inazungukia. Kuna namba ya chasis imegongwa hapo, herufi na namba 17. Hio ndio iko pia kwa logbook. Herufi za kwanza zinakwambia kiwanda. Ikianza na L, hio nduthi ni ya China. Ikianza na J, ni Japan. India inaanza na M: Bajaj hutumia MD2, TVS hutumia MD6. Kama chasis haifanani na ile ya logbook, simamisha kila kitu kwanza, ju hio ni kesi ingine.

Alafu shuka kwa injini. Chukua brashi na petroli kidogo, safisha chini upande wa kushoto. Kama nduthi ni ya China, mara mob utapata code kama 156FMI ama 162FMJ, na serial namba ikifuata. Hizo herufi ziko na maana. Moja ya kwanza ni silinda moja. Zile mbili zinafuata ni upana wa silinda kwa milimita: 56 ama 62. F ni injini ya kupozwa na hewa. M ni motorcycle. Herufi ya mwisho ni cc: I ni 125, J ni 150. So 162FMJ ni silinda moja, upana milimita 62, inapozwa na hewa, ya motorcycle, cc 150. Umeshika?

Sasa hapa ndio kuna siri yenye mafundi wengi wa Kanairo wanaijua na wapandaji hawaijui. Zile nduthi za China zimejaa mtaani na majina tofauti kwa tanki, mob ziko na injini moja. Hio injini asili yake ni Honda CG125, yenye ilitoka 1976. Honda waliitengeneza na valvu za kusukumwa na vijiti, badala ya camshaft kukaa juu, ju walikuwa wanalenga nchi zenye nduthi inapigishwa kazi ngumu na service inakawia. Brazil walianza kuitengeneza Manaus hio hio 1976, na Pelé mwenyewe akaitangaza. Pakistan, Atlas Honda wameitoa miaka mingi. Viwanda za China zikaiga hio design, zikaongeza cc, na ndio hizo unaona zikipanda Kangemi na magunia za viazi.

Hii inakusaidia aje? Kama nduthi yako iko na jina hujawahi ona popote duniani, na iko na 156FMI ama 162FMJ kwa injini na valvu za kusukumwa na vijiti, wacha kusaka hio jina. Saka Honda CG125. Haynes, ile kampuni ya Uingereza ya John Haynes yenye imetengeneza vitabu za repair tangu miaka za 60, walitoa kitabu mzima ya CG125. Jina kwa tanki ni ya aliyeuza. Code kwa injini na venye valvu zinasukumwa ndio zinakwambia ukoo.

Lakini chunga. Boxer na TVS HLX si familia ya CG. Hizo camshaft yake inakaa juu na inazungushwa na cheni ya timing. Mambo ya valvu ya CG haitakusaidia huko. Boxer BM150, hata cc yake ni 144.8, si 150 kamili, so pistoni ya nduthi ingine ya 150 si pistoni yake.

Mahali zinapatikana

Anza na aliyetengeneza. Honda, Yamaha na kampuni zingine kubwa ziko na page za manuali za owner, bure, unachagua model na mwaka. Page za India mara nyingi ndio ziko na model zinafanana na zetu. Kama ni TVS, hapa Kenya ni Car & General huuza, so ingia shop yao na uulize kitabu kwa mdomo. Kuuliza ni bure.

Pili, ManualsLib. Hio ni tovuti iko na manuali za vitu mob sana, na unaweza soma page kwa page bila kushusha kitu yote, poa sana kama bando ni kidogo. Tatu, archive.org, maktaba ya bure ya mtandao yenye ilianza 1996. Huko kuna skani za vitabu za kitambo. Nne, iFixit, hao wamekuwa wakiandika guide za repair tangu 2003, na picha kwa kila step.

Tano, usisahau karatasi. Wale wauzaji wa vitabu za inama hapo tao huwa wanaangukia Haynes na Clymer, kampuni ingine ya vitabu za repair, mara moja moja. Ukiona ya CG, shika.

Sasa chunga wezi. Kuna page zinakuahidi manuali ya kila nduthi duniani alafu zinakuitisha namba ya kadi ndio "ujaribu bure". Toka. Kuna zingine ukibonyeza kushusha, kitu inaingia si PDF, ni programu yenye jina inaishia na .exe ama .apk. Usiifungue. Manuali ni kitabu, haihitaji kuinstall kitu kwa simu yako. Na hio simu ndio iko na M-Pesa.

PDF ikiingia, usiiamini ju tu iko na logo. Angalia vitu tatu: jina ya model, mwaka, na cc. Alafu chukua kitu moja yenye unaweza kupima kwa nduthi yako, kama size ya tairi ama code ya plagi, na ulinganishe. Nduthi nyingi za familia ya CG hutumia plagi ya NGK D8EA. Hio D ni uzi wa milimita 12, 8 ni kiwango cha joto, E ni urefu wa uzi, milimita 19. Kwa CG125, nafasi ya kuruka cheche ni kati ya 0.6 na 0.7 mm. Kama kitabu yako inasema uzi ni wa milimita 10 na plagi iko kwa injini ni ya 12, hio si kitabu yako.

Vidio: mwalimu ako na pause

Manuali inakupea namba. Vidio inakupea mikono. Kuna vitu kitabu haiwezi kukuonyesha vizuri, kama venye unashikilia klachi ukiirudisha, ama venye pin ya cheni inatoka bila kuruka kwa nyasi. Hapo ndio YouTube inaingia.

Ukisaka, andika code ya injini, alafu kazi, usiandike jina ya nduthi peke yake. "CG125 tappet setting" itakuletea mafundi wa Pakistan wenye wamefanya hio kazi maisha yao yote. Wanaongea Kiurdu, lakini mikono haihitaji translation, na unaweza washa maandishi ya chini yajitafsiri. Kama uko na Boxer 100, jaribu pia CT 100 ya India, hizo ni ndugu. Boxer 150 saka ya Nigeria, ju huko okada (boda zao) za Boxer ni mob na mafundi wanaonyesha kazi kwa Pidgin. Ukitaka Kiswahili, saka na maneno ya wabongo: pikipiki, bodaboda, kurekebisha, kufunga injini. Mafundi wa Tanzania wanaeleza step kwa step na Kiswahili fiti sana.

Lakini si kila msee na kamera ni mwalimu. Vidio safi utaijua hivi. Anakushow namba ya injini ama model mwanzo, si nduthi tu kwa umbali. Anataja spana size gani. Anapima na geji, hapimi na "ukiskia iko sawa". Hakati ile sehemu ngumu: kama bolti ilimkatalia, unaona venye aliitoa. Na mwisho anawasha injini, unaskia. Vidio ikiruka kutoka kwa injini imefunguliwa mpaka injini imefungwa na muziki ikipiga, hio ni tangazo, si somo.

Sheria yangu ni vidio mbili na kitabu moja. Angalia mafundi wawili tofauti wakifanya kazi moja, alafu fungua manuali ucheki namba. Wakikubaliana wote watatu, shika spana. Wakigongana, kitabu ndio iko na last say, as long as ni kitabu ya injini yako.

Ya bando: shusha ukiwa kwa WiFi, usiku, na uweke kwa memory kadi. Kama app inakuruhusu kuweka vidio ya offline, itumie. Punguza speed ifike nusu wakati mikono yake inaenda haraka. Piga skrinshoti pale anaonyesha alama. Ukiwa umelala chini ya nduthi na mikono ni grisi, hutataka kutafuta dakika ya saba na sekunde ishirini.

Tapeti: mahali maskio haitoshi

Wacha nikushow kazi moja kwa karibu, ju hapa ndio utaona kwa nini nasema namba ni muhimu.

Fundi mob huseti tapeti, yaani ile nafasi ya valvu, kwa kuskiza. Injini ikipiga tak tak tak, anakaza kidogo, sauti inaisha, unalipa, unaishia. Na kelele ikiisha kila mtu anafurahi. Shida ni hii: valvu ikilegea sana, inapiga kelele. Valvu ikibanwa sana, haipigi kelele hata kidogo. Injini inanyamaza, na inaungua ndani. Ikipata moto, chuma inapanuka, valvu inashindwa kufunga kabisa, compression inatoroka, na ile valvu ya moshi inaanza kuchomeka pembeni. Wiki chache baadaye nduthi inakataa kustart asubuhi, nguvu ya kupanda mlima imeisha, na sasa ni head ya kufungua. Maskio ya fundi ni poa, lakini hayawezi skia kitu haina sauti.

Manuali ya Honda CG125 inasema nafasi ya valvu zote mbili ni 0.08 mm, injini ikiwa baridi. Baridi kabisa, imelala usiku mzima, si imepumzika saa moja kwa base.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Toa plagi ndio injini izunguke bila kupigana na wewe. Fungua kifuniko ya juu ya injini, pale rocker ziko. Kwa nyingi za China, upande wa kushoto kuna vifuniko viwili vya kuzungusha: kubwa inakushow nati ya flywheel, ndogo inakushow alama. Ingiza soketi kwa nati, zungusha polepole kinyume cha saa, ukiangalia kwa kadirisha mpaka herufi T ilingane na alama ya kesi. Sasa shika rocker zote mbili na vidole. Zote zinafaa kucheza kidogo. Kama moja imekaza, uko kwa zamu ingine ya injini, so zungusha raundi moja kamili mpaka T irudi. Hii step ndio wasee huruka, na ndio inaharibu kila kitu inafuata.

Zikicheza zote, ingiza fila geji ya 0.08 kati ya skrubu na kichwa ya valvu. Inafaa ipite ikikwaruza kidogo. Ikipita bila kuguswa, iko loose. Ikikataa, imebanwa. Legeza nati ya lock, zungusha skrubu kidogo, shikilia skrubu hapo hapo na ukaze nati. Alafu pima tena, ju nati ikikazwa huvuta skrubu kidogo. Ikiwa sawa, rudisha kifuniko, plagi, washa.

Hio ndio kazi yote. Geji ni ya bei rahisi na itakaa na wewe miaka. Na kama mikono bado inatetemeka, peleka kwa fundi wako, lakini peleka na namba. Mwambie, "Boss, hii ni CG, tuseti 0.08 na geji." Fundi poa atafurahi. Nimeona mafundi wakiitisha hio page watumiwe kwa WhatsApp, ju hakuna customer alikuwa amewahi kuja na hio kitu.

Mambo ya oili ni hivyo hivyo. Klachi ya nduthi inaogelea ndani ya oili ya injini, si kama ya ndai. Ndio maana manuali nyingi zinaandika JASO MA, standard ya Japan ya oili za nduthi yenye ilianza 1998. Oili zingine za magari zimewekwa dawa ya kuteleza, na ukiweka hio klachi inaanza kuteleza pia: unapiga resi, injini inalia, nduthi haiendi. Fundi atakwambia klachi pleti zimeisha. Pengine ni oili tu. Geuza mkebe kabla ununue, saka herufi MA.

Cheni nayo, boda nyingi ziko around milimita 20 mpaka 30 za kucheza katikati, lakini angalia yako. Mara nyingi kuna stika kwa swing arm, chini ya matope, imeandikwa namba hio. Cheni ya kukazwa sana inakula beringi na sproketi kimya kimya. Hapo tena sauti haitakuonya.

Na ujue pia mahali pa kusimama. Oili, plagi, filta ya hewa, cheni, kebo, tapeti: hizo ziko ndani ya uwezo wako ukiwa na kitabu. Kupasua injini nzima, gia, ama kazi ya breki kama hujawahi ifanya na mtu wa kukuangalia, hio wachia fundi. Unabeba maisha ya watu nyuma.

Base ikuwe na maktaba

Peke yako utachoka kusaka. Base yote ikisaka, inakuwa rahisi. Wasee wakae chini, waandike nduthi ziko pale na code za injini. Utashangaa: nduthi kumi zinaweza kuwa na injini tatu tu. So mnahitaji manuali tatu, si kumi. Mmoja ashushe, awatumie wengine kwa Bluetooth, bando isichomeke mara kumi.

Alafu zile page za kila siku, yaani ratiba ya service, oili, plagi, tapeti, presha, mchoro wa waya, mziprint. Cyber nyingi za mtaa ni kama ashu page nyeusi. Mziweke kwa plastiki ngumu, mzitundike kwa kibanda. Hata yule boy ameanza boda juzi ataisoma akingoja customer. Kama chama ya base inachanga kila siku, watoe kidogo wanunue fila geji na geji ya presha za kila mtu.

Na kwa wale wako na mikono ya kazi, hii njia inaenda mbali kuliko nduthi yako. NITA, ile mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, hupeana trade test za serikali, Grade III, II mpaka I, na haikuulizi ulisoma shule gani. Wanakupima kazi. Siku hizi pia kuna mpango wa kutambua ujuzi ulioupata bila kukaa darasani. Msee amefungua injini miaka na sasa anasoma manuali, anajua kutaja limit na kupima na geji, huyo ako karibu na hio karatasi kuliko anavyofikiria. Hata madem wanapanda nduthi siku hizi, na sioni kwa nini hao wasikuwe ndio wenye workshop kesho.

Haki yako, si favour

Mambo inabadilika. Nduthi za stima zimeingia, Roam, Spiro, Ampersand, unaziona Thika Road zikipita bila kelele. Hizo betri na controller usifungue na vidio ya YouTube, hio stima itakuumiza. Lakini breki, tairi, beringi na shoki bado ni chuma ya kawaida, na owner bado anafaa kuwa na kitabu inasema vitu hizo zinakaa aje. Kama sisi wapandaji hatutaitisha information sasa, tutaamka siku moja nduthi ni yetu na hakuna bolti tunaruhusiwa kuelewa.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010, Article 46, inasema consumer ako na haki ya kupata information anahitaji ndio afaidike kabisa na bidhaa na huduma. Nduthi ni bidhaa, na manuali ndio hio information. Hakuna dealer anakufanyia favour akikupea kitabu.

So msee wangu, ukienda kutoa nduthi mpya, usitie sahihi kabla kitabu ikuwe mkononi. Itisha na katalogi ya spea, hata kama ni PDF. Kama nduthi unayo tayari, leo jioni ukishaegesha, safisha injini, piga code picha, uingie mtandaoni usake. Ukipata, usiikalie. Rushia base yote, rushia fundi wako pia. Injini ni moja, tusaidiane kuisoma.